Kurwa alikuwa akimsomea Doto ubao: uchambuzi wa kisa cha macho ya mapacha njiti

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kliniki kwa watoto waliozaliwa njiti sana, yaani kabla ya wiki ya 32 ya mimba. Majina ya Kurwa na Doto nimeyaweka kwa kuwa ni mapacha, na vipimo nilivyoandika ni vya aina tunayokutana nayo sisi tunaopima macho ya watoto.

Aliyeletwa ni Doto peke yake. Msichana wa miaka 7, Darasa la Pili, anaishi Korogwe na mama yake, bibi yake na pacha mwenzake. Karatasi ya mwalimu wa darasa ilisema: mtoto mzito, hafuati ubao, anaangukaanguka. Kilichomshangaza mwalimu ni kwamba Darasa la Kwanza Doto alikuwa akipata alama nzuri tu, karibu sawa na Kurwa. Mwaka huu watoto walikuwa wanaongea mno darasani, mapacha wakatenganishwa madawati, na ndani ya muhula mmoja Doto akaporomoka.

Nilimuuliza Doto mwenyewe mwaka jana alikuwa akiandika vipi kazi za ubaoni. Akajibu bila kusita: "Kurwa alikuwa ananisomea." Mama akageuka kumtazama. Hakuwa akijua.

Kwa hiyo yale "maongezi" yaliyowaponza wakatenganishwa yalikuwa ubao unasomwa kwa mnong'ono, mstari kwa mstari. Mwalimu simlaumu hata kidogo. Asingewatenganisha, Doto angefika Darasa la Nne bila mtu kujua.

Alikotoka

Mapacha walizaliwa wiki ya 28. Kurwa alikuwa na gramu 1,150, Doto gramu 980. Doto ndiye aliyeteseka zaidi: wiki kadhaa kwenye oksijeni, maambukizi ya damu, kuongezewa damu mara mbili, na uzito uliokataa kupanda. Ukimwambia daktari yeyote wa watoto wachanga mambo hayo manne, ataulizia macho kabla hujamaliza sentensi.

Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kupata mishipa yake ya damu karibu na wiki ya 16 ya mimba. Mishipa hutokea katikati, pale neva ya jicho inapoingia, ikasambaa kuelekea ukingoni. Upande wa puani hufika mwisho karibu na wiki ya 36, upande wa sikioni karibu na wiki ya 40. Mtoto wa wiki 28 anazaliwa ukingo wa retina yake ukiwa mtupu. Akitoka nje anapata oksijeni nyingi kuliko aliyokuwa akipata tumboni, na mishipa inasita kukua. Wiki zikipita, retina inazidi kukomaa na kudai damu, na ule ukingo mtupu unamwaga kemikali ya kuita mishipa mipya, inayofahamika kwa kifupi kama VEGF. Mishipa hiyo ikija kwa fujo, inaota kuingia ndani ya jicho badala ya kutambaa juu ya retina. Baadaye inaacha makovu, makovu yanavuta, na retina inaweza kubanduka. Huu ndio ugonjwa wa retina ya njiti, na hali yake mbaya hutokea zaidi karibu na wiki ya 36 na 37, ukihesabu umri wa mimba pamoja na wiki ambazo mtoto ameishi nje.

Doto alibahatika. Hospitali aliyolazwa ilikuwa na mtu wa kumpima. Akakutwa na hatua ya 3 kati ya 5 za ugonjwa huo, mishipa ya katikati imevimba na kupindapinda, akachomwa leza macho yote mawili. Kazi ya leza ni kuua ule ukingo usio na mishipa ili uache kudai damu. Unapoteza sehemu ya pembeni, unaokoa katikati. Kurwa alikuwa na hatua ya 1 tu, ikajiondokea yenyewe.

Hapo mama alinikatiza kwa swali ambalo ninaamini alikuwa nalo kwa miaka 7: "Daktari, ile hewa ndiyo iliyomharibu macho?"

Swali hilo lina historia ndefu. Theodore Terry wa Boston aliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1942. Ndani ya miaka kama kumi na kidogo watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka, wengi wao katika nchi tajiri ambako oksijeni ilimwagwa bila kipimo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti Michigan mwaka 1950, ni mmoja wao. Oksijeni ilipokuja kubanwa, upofu ulishuka, lakini watoto wakafa kwa kukosa hewa. Hadi leo mizani hiyo haijatulia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha watoto waliowekwa kwenye kiwango cha oksijeni katika damu cha asilimia 85 hadi 89 na wale wa asilimia 91 hadi 95. Wa kundi la chini walipata ugonjwa mkali wa retina kwa uchache, ila waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Nilimjibu mama kwa ufupi: hewa ilichangia, na bila hewa usingekuwa na Doto wa kumleta hapa leo.

Baada ya leza, kadi ilisema warudi baada ya miezi 6. Walirudi. Retina ilikuwa imetulia, ikaandikwa: "Arudi akiwa na tatizo." Mama akatii, neno kwa neno. Hakuona tatizo, hakurudi.

Hilo agizo ndilo kiini cha kisa chote, na nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu sisi wenyewe watu wa macho ndio tunaoliandika. Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri hana cha kulinganisha. Doto hakujua kwamba ubaoni kuna herufi, alijua kwamba ubaoni kuna weupe na kwamba Kurwa anajua kinachosemwa pale. Atalalamika nini? Tena waliompima siku ile walipima retina, jambo walilotumwa kulipima. Hakuna aliyepima kama anahitaji miwani.

Mezani

Bila miwani, jicho la kulia la Doto lilikuwa 6/60: kile ambacho mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita 60, yeye anakisoma akiwa mita 6. La kushoto lilihesabu vidole kwa mita 1. Jicho hilo la kushoto lina kengeza la kuingia ndani, dogo, ambalo bibi yao alikuwa akilisifu kuwa ni urembo.

Nikamtilia matone ya kupanua mboni na kulegeza msuli wa ndani, kwa sababu mtoto usipomtilia atakudanganya bila kukusudia. Majibu, kwa nguvu ya lenzi anayoihitaji (hasi ni ya asiyeona mbali): kulia hasi 6.00, kushoto hasi 11.50, na macho yote mawili hayalengi sawa kwa wima na kwa mlalo, kile tunachokiita astigmatizimu.

Ukiyasoma majibu hayo utamwelewa mtoto. Jicho la hasi 6 linaona safi kwa sentimita 16 au 17 hivi. Doto alikuwa akisoma daftari karibu ligusane na pua, na nyumbani walikuwa wakimgombeza kwa "tabia" hiyo. Haikuwa tabia. Hapo ndipo herufi zilipokuwa zinaonekana. Jicho la kushoto nalo linaona safi kwa chini ya sentimita 9, umbali ambao mtu hana shughuli nao, kwa hiyo ubongo uliliacha. Jicho likiachwa hivyo utotoni, uwezo wake wa kuona haukui. Hilo ndilo jicho vivu, na ndiyo maana ya lile kengeza.

Kutoona mbali kwa watoto hawa si kule tulikokuzoea. Mtoto wa kawaida asiyeona mbali, jicho lake limerefuka. Kwa njiti aliyeugua retina mara nyingi urefu wa jicho ni wa kawaida au hata mfupi. Kilichobaki nyuma kimakuzi ni sehemu ya mbele. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imebinuka zaidi, lenzi ni nene na imekaa mbele, nafasi kati yake na konea ni finyu. Wengi hupita hapa haraka, wanaandika cheti cha miwani basi. Nafasi finyu hiyo ndiyo inayoweza kumletea presha ya macho ya ghafla, njia ya maji ya jicho ikiziba, akiwa kijana au mtu mzima, na daktari atakayempokea siku hiyo na jicho jekundu na kutapika hatafikiria kuwa mgonjwa wake alizaliwa na gramu 980.

Nikamwekea lenzi za majaribio. Jicho la kulia likasoma 6/9 kwa herufi moja moja. Nikafurahi. Kisha nikamwonyesha mstari mzima wa herufi, akarudi 6/18. Nikarudia. Ile ile. Herufi iliyokuwa peke yake aliitaja mara moja. Ikikaa na wenzake watano, anaruka, anarudia, anataja ya jirani.

Jicho la kulia lilikuwa safi, lenzi sahihi, katikati ya retina pametulia. Kilichobaki hakikuwa jichoni.

Miguu iliyotupotosha

Doto alichelewa kutembea, miaka 2 na nusu, na miguu yake ni migumu kidogo mpaka leo. Kwa hiyo kila alipoanguka, watu walisema miguu. Katika faili la uchanga kulikuwa na mstari mmoja wa ultrasaundi ya kichwa: jeraha kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, pembeni mwa ventrikali, yaani vyumba vya maji vya ndani ya ubongo. Hili hutokea kwa njiti kwa sababu eneo lile, katika wiki zile, hukosa damu kirahisi. Nyuzi zinazoendesha miguu hupita hapo. Nyuma kidogo zinapita nyuzi zinazopeleka taarifa za macho kisogoni, na zinazoumia mara nyingi ni zile zinazobeba sehemu ya chini ya kile tunachokiona.

Nilimkalisha, nikamwambia anitazame puani, nikainua kalamu nyekundu taratibu kutoka magotini mwake. Kutoka juu na pembeni aliziona mapema kalamu zote. Ya kutoka chini hakuiona mpaka ilipokaribia usawa wa kidevu. Tukatoka nje barazani. Penye ngazi alisimama, akatanguliza kidole gumba cha mguu, akapapasa ukingo, ndipo akashuka. Mama akasema anafanya hivyo siku zote, wakidhani anaogopa kwa ajili ya miguu.

Tukarudi ndani. Nilitandika karatasi nyeupe mezani nikaweka funguo, kifutio na sarafu. "Nipe funguo." Akazichukua papo hapo. Nikaomba kitenge alichojitanda mama, chenye maua makubwa, nikakitandika, nikaweka vitu kama kumi pamoja na funguo zile zile. Doto aliinamia kitenge, akatazama, kisha akaacha kutazama akaanza kutafuta kwa mkono. Funguo zilikuwa mbele yake kabisa.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema sokoni Doto humpoteza akiwa hatua tatu mbele, kisha anamshika mama yeyote aliyevaa kanga ya rangi inayofanana. Walikuwa wakimcheka.

Hili ni tatizo la kuona la ubongo. Jicho linapeleka picha, ubongo unashindwa kuichambua ikiwa na vitu vingi. Halitibiwi kwa miwani wala kwa upasuaji. Na ndilo linalosahaulika zaidi kwa njiti, kwa sababu anaweza kusoma herufi za chati vizuri akaambiwa hana shida yoyote.

Tulichofanya, kwa mpangilio

Miwani kwanza, na si kitu kingine. Lenzi ya hasi 11.50 haikupatikana Tanga, ikaagizwa Dar es Salaam. Tulichagua fremu ndogo ili ukingo usiwe mnene, na lenzi za polikaboneti zisizopasuka kirahisi, kwa kuwa retina iliyochomwa leza haitaki kipigo cha mpira wala kigae cha kioo. Siku ya kwanza Doto alilalamika kwamba sakafu imepinda. Ilinyooka ndani ya wiki.

Kishawishi kilikuwa kuziba jicho zuri siku hiyo hiyo ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Sikufanya hivyo. Jicho vivu hupata nafuu kwa miwani peke yake kwa wiki 12 na zaidi, na ni vizuri kuiacha nafuu hiyo itokee kwanza. La kushoto, ambalo lilianza na 6/60 likiwa na miwani, baada ya miezi 4 lilifika 6/36. Ndipo tukaanza kuziba la kulia, saa 2 kwa siku, jioni nyumbani, kamwe si shuleni. Mtoto huyu tayari darasani anahangaika na vitu vingi kwa jicho lake bora; ukiliziba na hilo, umemwondoa darasani ingawa amekaa kwenye dawati. Miezi 6 baadaye la kushoto lilisoma 6/24 na likaishia hapo. Angeletwa akiwa na miaka 3 huenda tungefika mbali zaidi.

Kwa upande wa ubongo, vifaa vyake ni vya bei ya manila. Mwalimu alikata kipande cha manila nyeusi, akakitoboa dirisha refu la mstari mmoja. Doto analiteremsha dirisha hilo kwenye kitabu, mistari mingine inafichika, na anasoma. Begi lina mifuko yenye rangi tofauti. Nguo zake nyumbani zimetundikwa badala ya kurundikwa. Ukingo wa ngazi ya baraza umepakwa rangi nyeupe. Mama sokoni anatembea akiongea.

Pacha "mzima"

Nilipoomba Kurwa aletwe, mama alishangaa: huyo hakuugua. Alipopimwa, alikuwa 6/12 macho yote mawili na astigmatizimu ya 2.50. Kwa miwani akafika 6/9 bila taabu. Huyu ndiye aliyekuwa akimsomea mwenzake ubao, na yeye mwenyewe alikuwa akiusoma kwa kukunja macho.

Njiti sana asiyehitaji leza naye yumo katika hatari kubwa kuliko watoto waliotimiza miezi: kuhitaji miwani, kengeza, macho mawili kutolingana nguvu. Kuna wanaodhani kwamba retina ikipita salama basi mambo yamekwisha. Utaratibu ninaopendelea ni mdogo tu: apimwe miwani kwa matone akiwa na mwaka 1, tena kabla ya miaka 3, tena kabla ya kuanza shule. Aliyechomwa leza, kila mwaka, na mboni zipanuliwe kila mara.

Siku hizi wapo wanaotibiwa kwa sindano ya jichoni ya kuzuia VEGF badala ya leza. Wao kwa kawaida hawapati kutoona mbali kwingi kama kwa Doto, na hilo ni jema. Ila ugonjwa unaweza kurudi wiki au miezi baadaye, na ukingo wa retina unaweza kubaki bila mishipa. Mzazi wa mtoto wa sindano ana kliniki nyingi zaidi za kuhudhuria, tena mapema.

Yaliyobaki

Retina ya Doto itabaki na makovu ya leza maisha yake yote, na kubanduka kunaweza kutokea ujanani au ukubwani. Mama nimemwambia dalili kwa lugha ya nyumbani: akikwambia anaona kama radi pembeni, au vidoa vyeusi vinamwagika kama masizi, au pazia linashuka, usisubiri Jumatatu. Doto naye amefundishwa kuyasema. Ripoti ya uchanga, yenye wiki, gramu, hatua na leza, mama ameipiga picha kwenye simu, na nakala moja ya karatasi iko kwa bibi. Akiwa na miaka 30 hakuna hospitali itakayokuwa na faili hilo, na mtoto wa jicho au presha ikija, daktari atahitaji kujua alianzia wapi.

Suala lililo mezani sasa ni mtihani wa taifa wa Darasa la Nne. Shule ilikuwa tayari kumwombea Doto karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, ile wanayopewa wenye uoni hafifu, na walitaka saini yangu. Nia ni njema, lakini ukubwa wa herufi si shida yake. Akiwa na miwani, katika kitabu cha kawaida, herufi anaiona. Kinachomshinda ni herufi kujazana, na karatasi kubwa inaongeza eneo la kupotelea. Barua niliyoandika inaomba maswali machache kwa kila ukurasa, nafasi pana kati ya mistari, michoro isikae nyuma ya maandishi, muda wa ziada, na ruhusa ya kuingia na kipande chake cha manila. Nakala ya barua hiyo nimeiambatanisha na zile kurasa mbili tulizompa Doto kliniki, moja yenye herufi kubwa zilizobanana na nyingine yenye herufi za kawaida zilizoachana, pamoja na makosa aliyofanya katika kila moja: 11 kwenye ile kubwa, 2 kwenye ile ya kawaida.